Kifungo cha Pili cha Mwalimu Kuwabara

Mjukuu wangu Wakana ndiye aliyetunga na kuichora ile manga, hadithi ya michoro, ya mapenzi yenye juzuu kumi na moja, ambayo wasichana wa Japani nzima waliililia kwa miaka sita, na ambayo majira ya machipuko yaliyopita ilikuwa ikigeuzwa filamu ya watu halisi hapa kwetu Usuki. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwenye duka la mchuzi wa soya alikuwa ameyasikia kwangu mara kumi na nne tu.

Filamu ilipigwa katika shule yetu ya zamani ya mbao, niliyosoma nikiwa kijana na kufundisha kwa miaka thelathini na minane. Kwa hiyo wote, kuanzia mwongozaji hadi mbeba taa, waliniita Mwalimu, nami sikuwazuia.

Hadithi yenyewe imesimama juu ya kifungo. Siku ya mahafali, msichana anayempenda mvulana humwomba kifungo cha pili cha koti lake la shule, kile kilicho karibu na moyo. Wakana alipokuwa na miaka tisa alilifukua koti langu kutoka sandukuni, akaona vifungo vinne vya shaba na pengo moja.

"Babu, cha pili ulimpa nani?"

"Mambo ya zamani hayo," nilimjibu, nikatazama nje ya dirisha.

Kutazama dirisha kule kukazaa juzuu kumi na moja: mvulana mkali asiyecheka, msichana anayehamia kaskazini na kifungo mkononi, na jina ambalo mvulana halitamki mpaka uzeeni.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniomba. Machi ile, nikiwa na miaka kumi na minane, niliwaona wenzangu wakitoka na mapengo vifuani, wakitembea kama majenerali. Nikaenda nyuma ya ukumbi wa mazoezi, nikakikata kifungo kwa kisu cha kuchongea penseli, kisha nikatoka kwa lango kuu, kifua mbele, ili pengo lionekane na kila mwenye macho. Kifungo nikakificha ndani ya kisanduku changu cha jiwe la kusagia wino, na humo kikakaa miaka sitini na mitatu. Huo ndio uongo pekee wa maisha yangu, na hata huo sikuwahi kuutamka.

Siku ya kupiga tukio la mwisho, Bi Okuda, msimamizi wa mavazi, alimvika Rento, kijana nyota wa filamu, koti langu lenyewe. Mahali pa pengo alishona kifungo kipya kilichotengenezwa Tokyo. Kwa macho kilifanana na vingine. Kwenye kamera kiling'aa kama jino la dhahabu.

"Kihamishe cha chini kije juu," mwongozaji alisema.

"Haiwezekani," Wakana akamjibu. "Kamera inaanzia kwenye kola, inashuka kifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Ndivyo nilivyochora. Wasomaji wangu unawajua? Picha ya kwanza ya Rento ilipotoka, walisema njia ya nywele zake iko upande usio wake. Maoni mia nne! Kwa njia ya nywele!"

Mwongozaji akatazama juu. Katika kitabu, maua ya mcheri huanguka siku ya mahafali, jambo ambalo nimelikemea mara nyingi, kwa kuwa siku hiyo, mwanzoni mwa Machi, matumba huwa bado yamefumba. Mcheri wa shule ulikubaliana nami. Ulisubiri hadi mwisho wa Machi, ukachanua wote, na kesho yake ilitabiriwa mvua ya kuyapukutisha maua yote.

Bi Okuda alinigeukia, pini tatu midomoni. "Mwalimu, samahani sana. Huyo bibi uliyempa, hata kama yuko mbali, hatuwezi kumpigia simu?"

Mke wangu Tomie, aliyekuwa ameketi na majirani walioajiriwa kuigiza wazazi, alilishusha tonge lake la wali.

"Mpigie, Mzee. Mimi sina wivu. Miaka sabini na tisa hii, wivu nitauweka wapi? Au namba umeipoteza?"

Majirani wakaangua kicheko.

"Alikuwa mrembo, Mwalimu?" Rento akauliza.

"Nyoosha mgongo," nikamwambia.

Mwongozaji alikuwa ameshaamua. Tukio lingeondolewa hapa, lipigwe Tokyo ndani ya studio, chini ya mcheri wa karatasi. Wakana alisema "Sawa" kwa sauti ile ndogo aliyokuwa nayo nilipokuwa nikimsahihishia mwandiko. Kisha akawageukia wafanyakazi, watu arobaini waliosimama tangu alfajiri, akainama mbele yao mpaka nywele zikafunika uso.

"Nisameheni. Kosa ni langu. Nilichora kitu kisichowezekana."

Niliweza kuvumilia mengi. Kumwona mtoto wa nyumba yangu akiinama kwa kosa langu, hilo sikuliweza.

Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa dakika sita. Nilikwenda kwa nne. Niliporudi, nilisimama katikati ya uwanja kama nilivyokuwa nikisimama kwenye mkutano wa asubuhi, nikafungua kiganja.

"Hakuna bibi wa kupigiwa simu," nilisema. "Kifungo hiki hakikuombwa na mtu. Nilikikata mwenyewe, nyuma ya ukumbi ule pale, ili nisionekane mtu asiyetakiwa."

Wakana alikitazama kifungo, akanitazama mimi.

"Juzuu kumi na moja, Babu."

"Ndiyo."

"Ile ya tisa nililia nikiichora!"

"Nami nililia nikiisoma."

Midomo yake ikatetemeka, nami nikajiandaa kwa lolote ninalostahili. Akachuchumaa, akafunika uso kwa vidole vyake vyenye madoa ya wino, na mabega yakaanza kuruka. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Mhariri wangu asijue," alisema akifuta macho. "Tafadhali, Babu. Atataka juzuu ya kumi na mbili."

Bi Okuda hakungoja. Alikuwa ameshakichukua kifungo, ameshatia uzi kwenye sindano. Walipiga mara saba. Mara saba Rento alikinyofoa, mara saba Bi Okuda akakishona tena, na maua yakaanguka kwa wingi usio na aibu. Saa kumi jioni mwongozaji akasema imetosha.

Tomie alinisogelea na chupa yake ya chai.

"Kisanduku kile nakifuta vumbi tangu mwaka tuliooana. Ulidhani nini, jiwe la wino linazaa vifungo?"

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme nijiharibie? Mume ambaye hakuna aliyemtaka ni mume gani huyo? Nilipenda watu wadhani nimekunyang'anya kwa mtu."



Bi Okuda akaja kunirudishia kifungo, amekishika kwa mikono miwili. Hapo Tomie akaweka chupa chini, akakung'uta punje za wali kwenye sketi, akasimama mbele yangu, visigino pamoja.

"Kuwabara," alisema, kama msichana wa shule, mbele ya watu wote wale, "naomba kifungo chako cha pili."

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, kama mtu mwenye wengi wa kuwafikiria. Kisha nikampa.