Kikopo Namba 63

Dakta Msosa anaishi Area 47, mtaa wa wenye nacho Lilongwe, ana gari jeupe na viatu anavyovipangusa kila akishuka kwetu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kana kwamba vumbi letu linaambukiza. Mwezi wa tatu mwaka 2016 alikuja na vikopo mia mbili vya plastiki kukusanya mkojo wa wanawake wajawazito. Alikuwa akichunguza maambukizi ya njia ya mkojo, ajue ni dawa zipi bado zinaua vijidudu vyake. Vikopo vyenyewe alivishika kwa upole kuliko alivyotushika mkono sisi.

Mimi, Léoncie, fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Alisema majibu yatawasaidia wanawake wa miaka ijayo. Foleni ilikuwa fupi, nami nilitaka kuonekana hodari, nikawatangazia: "Majibu mutapata ku mukono, kila mutu!" Foleni ikarefuka hadi kwa muuza mandasi.

Majina yalikatazwa. Kila kikopo kilipewa namba, eti siri. Msomi mzima, hakujua kwamba kambini siku ya mgao mtu huitwa kwa namba, na akiisahau analala njaa. Kila mwanamke aliikariri yake kabla hajafika chooni. Sabine, jirani yangu wa kutoka Fizi, mwenye mimba ya miezi minne, alikuwa 63.

Maumivu yake hayakuisha. Zahanati ndogo ya kanisa ilimpa vidonge, vikaisha, ikampa tena.

"Dada Léoncie, njo mara ya tatu banipa dawa ile ile," aliniambia mwezi wa sita, ameshika kiuno, homa inamtetemesha. "Niko naogopa juu ya mutoto. Majibu ya ule dakta iko wapi?"

"Itafika," nilimjibu, nikajidharau papo hapo.

Wiki hiyo nilialikwa Lilongwe, kwenye mkutano hotelini, nikae mbele kama mwakilishi wa jamii. Maana yake nipigwe picha nikiwa na kitenge. Tulikula sambusa, tukapiga makofi, kisha Msosa akaonyesha jedwali ukutani. Mstari wa 63 ulisema vidonge vile havikuua kitu, ila sindano fulani iliua vyote. Pembeni palikuwa na tarehe majibu yalipotoka, ya mwezi wa tatu.

Viti viwili kutoka kwangu alikaa Gondwe, tabibu wa zahanati yetu, yule yule wa vidonge mara tatu. Alikuwa akinakili jedwali kwa bidii, sambusa mdomoni.

Nikasimama. "Sitini na tatu ni Sabine. Anaungua na homa sasa hivi."

Msosa akakunja uso. "Mama, umevunja siri ya utafiti."

Nikamgeukia Gondwe. "Hiyo sindano unayo?"

"Iko kabatini," alisema, akifuta mdomo. "Lakini hakuna aliyeniletea karatasi."

Miezi mitatu! Wanaume wawili wanaokunywa chai ya birika moja, na kati yao karatasi moja iliyokosa mtu wa kuibeba. Nilimvuta Gondwe kwa mkono wa koti mbele ya wageni wote, tukarudi kambini. Sindano Sabine alichomwa siku ile ile, hilo simnyimi Gondwe. Homa ikashuka. Mtoto alizaliwa kesho yake, kabla ya wakati, akaishi siku mbili.

Mwezi wa nane Msosa akarudi na vikopo vipya, awamu ya pili, safari hii kwa wajawazito na waliojifungua, akataka nimkalimanie tena. Nilikwenda, ili nimwone usoni. Sabine alipofika mbele, Msosa hakumtambua. Angewezaje, na namba hakuivaa shingoni? Alimpa kikopo. Sabine akakirudisha mezani kikiwa kitupu, halafu akanigeukia mimi.

"Dada Léoncie, mukojo yangu ilimujibu huyu tangu mwezi wa tatu. Mi, nani alinijibu?"

"Anasema nini?" Msosa aliuliza, kalamu mkononi.

"Anaongea na mimi," nilimwambia.