Sanduku la Bwana Wasalaam

NYARAKA ZA MWANDISHI ELUNED GETHIN
(muhtasari wa yaliyomo, kama ulivyotafsiriwa na Fatina)

Masanduku ya mwanzo: barua kutoka kwa waandishi wenzake wa Kiwelisi, washairi, wahariri, wachungaji na mtu mmoja aliyekuwa akimdai kitabu.
Sanduku linalofuata: riwaya zake ambazo hazikumalizika.
Sanduku la mwisho: MENGINEYO. Mapishi. Picha ya mbwa. Hotuba ya mazishi, haijulikani ya nani. Barua kutoka Afrika Mashariki, zote za Bwana Wasalaam.


1

"Bwana nani?" aliuliza Shekiondo.

"Wasalaam," alisema binti yake Fatina, macho kwenye simu. "Maktaba ya huko Welisi inamtafuta Bwana Wasalaam wa Lushoto. Au warithi wake."

"Kwani amekufa?"

"Hawajui, Baba. Wameandika kwa shule yetu kwa sababu huyo Mwalimu Eluned alifundisha pale."

Shekiondo alivuta blanketi mpaka kidevuni. Ukungu wa Lushoto ulikuwa umeingia sebuleni, umekaa kwenye kochi kama mgeni asiyejua kuaga. Mzee alicheka kidogo. Halafu kicheko kikamkwama, maana alikuwa ameshaelewa.

"Fatina, mwanangu. Huyo Wasalaam ni mimi."


2

Wewe unayesoma, vuta kiti. Mambo yenyewe ni haya.

Zamani, Fatina hajazaliwa, Eluned Gethin alikuwa mwalimu Lushoto. Alisema amependa hapa kwa sababu mvua yake ina ubishi kama ya kwao. Kwao alikuwa mwandishi, na alipoondoka alimwambia Shekiondo, kijana karani wa ushirika wa mboga mwenye sifa ya kusema uongo mtamu: andika.

Akaandika. Hakumwandikia kuhusu riwaya. Alimwandikia riwaya yenyewe. Sura kwa sura, kwenye erogramu, ile karatasi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Hakubakiza nakala. Mtu anayetunga uongo wa kiwango kile haweki nakala. Nakala ni ushahidi.

Kila sura iliishia pale karatasi ilipoishia, hata kama mhusika yuko hewani anaruka mto. Chini kabisa, kwa herufi zilizobanana, neno moja:

Wasalaam.

Jina lake aliliandika kwa nje, sehemu ya mtumaji. Mwalimu naye, mtu wa huruma, alikata stempu zote kuwapa watoto wa kanisani kwake. Mkasi ulipita karatasi nzima iliyokunjwa. Kila stempu ikaondoka na jina mgongoni.

Mwalimu alikufa. Karatasi zake zikapelekwa maktaba. Mtu wa maktaba akafungua barua moja, akaona chini Wasalaam. Ya pili, Wasalaam. Mtu gani huyu mwaminifu, akawaza, haachi kusaini.


3
(anachokikumbuka Shekiondo, ndicho pekee)

Asubuhi hiyo watu wa Mlalo waliamka wakakuta mlima haupo. Pale ulipokuwa pamebaki ubaridi na mbuzi wawili wanashangaa. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Ajenda ya kwanza, mlima umekwenda wapi. Ajenda ya pili, nani ameuudhi. Akasimama mama mmoja akasema: mimi niliusikia ukikohoa tangu masika, nikadhani ni mume wangu. Basi wakafunga safari kuufuata, na haikuwa kazi kuutafuta, kwa sababu nyayo zake zilikuwa pana kama


4

Pana kama nini?

Hakumbuki. Hakumbuki nani alifika, nani alifia njiani, nani aliingia katikati ya safari na kwa nini. Anakumbuka kwamba aliandika mwisho, na kwamba siku aliyoutuma alitembea mjini kama mtu aliyeoa. Lakini mwisho wenyewe! Mlima ulirudi au haukurudi?

Daktari wa macho amesema tuombe Mungu. Huyo ni daktari, na ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo kitabu kimoja cha maisha ya mtu kimo ndani ya sanduku la mapishi na mbwa, ng'ambo, kwa jina lisilo la mtu. Shekiondo anataka asomewe mwisho wake kabla giza halijafika.

Basi.


5

Ofisini kwa Wakili Mcharo.

"Mzee Anwili, shikamoo. Leo umekuja na uongo gani?"

"Marahaba. Nimekuja kuuapia."

(Anwili si jina lake pia. Mwalimu alizoea kuanzia barua zake kwa neno la Kiwelisi, *Annwyl*, yaani mpendwa. Annwyl Shekiondo. Mtu wa posta akadhani ni jina la ukoo, akawa analiita dirishani kwa sauti. Mji mzima ukalichukua. Kwa hiyo Lushoto yeye ni salamu ya Wawelisi, na Welisi yeye ni salamu yetu. Shekiondo mwenyewe yuko hapo katikati, pengine juu ya maji.)

"Nataka hati ya kiapo ya majina," alisema. "Kwamba Shekiondo na Wasalaam ni mtu mmoja."

Wakili alivua miwani. "Mzee, ungesema tu ukweli. Waandikie kwamba Wasalaam si jina."

"Fatina amewauliza hilo, kwa mbali, bila kututaja. Wamejibu kwamba barua zisizo na mwandishi hufungwa."

"Na ukiapa uongo?"

"Uongo gani? Wameniita, nimeitika. Wewe uliitwa Mcharo ulipozaliwa, ulibisha?"

Wakili aliita karani aandae karatasi.


HATI YA KIAPO

MIMI, SHEKIONDO MBWANA, mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Lushoto, NAAPA na KUTHIBITISHA kama ifuatavyo:

KWAMBA, mimi ndiye mwapaji katika hati hii.

KWAMBA, katika baadhi ya nyaraka jina langu linasomeka WASALAAM.

KWAMBA, majina hayo yote mawili ni ya mtu mmoja na mtu huyo ni mimi.

KWAMBA, yote niliyoyaeleza hapo juu ni kweli kwa kadiri ya ufahamu na imani yangu.

(Dole gumba. Sahihi ilikataa kukaa kwenye mstari.)


6

*Mpendwa Bwana Wasalaam,*

*Tumefurahi kukupata ukiwa hai. Kwa bahati mbaya hakuna anayesoma Kiswahili katika idara yetu kwa sasa. Tunaambatisha mistari ya mwanzo ya kila barua ili uzitambue. Ukithibitisha kwamba ZOTE ni zako, tutakutumia picha za kurasa kamili, na sanduku litafunguliwa kwa wasomaji wote duniani. Hatuwezi kupokea uthibitisho wa nusu, kwa kuwa sanduku limeorodheshwa chini ya mwandishi mmoja.*

*Tafadhali jibu: NDIYO au HAPANA.*

*R. Pugh, Idara ya Nyaraka*


7

Fatina alisoma, mzee amefumba macho ili asikie vizuri.

"'Mlima ulipofika Mombo uliomba maji.'"

"Yangu."

"'Mwenyekiti akasema mlima hauna kibali cha kusafiri.'"

"Yangu. Hiyo nzuri."

"'Sasa nikwambie Mwalimu jinsi mbuzi wale wawili walivyogombea urithi.'"

"Yangu. Kumbe walikuwa na urithi?"

Alikuwa amekaa wima. Uso wake ulikuwa wa mtu anayerudishiwa meno yake moja moja. Fatina aliendelea, mstari hadi mstari, mpaka akanyamaza.

"Soma."

"Hii si yako, Baba."

"Soma tu."

"'Mwalimu mimi Hadiya wa jikoni pale shuleni nimejifunza kuandika. Shebughe amenipiga tena mkono hauinuki. Nitafutie huko hata kazi ya kufa'"

"Ya kufa?"

"Mstari umekatika. Ya kufagia, nadhani."

Shekiondo alifumbua macho.

"Mwishoni ameandika nini?"

"Sijui, Baba, wametuma mwanzo tu. Lakini kama wameiweka pamoja na zako,

itakuwa wasalaam."


8
(dukani, nje, asubuhi, kila mtu na mgongo wake juani)

— Kumbe Anwili ni mwandishi.
— Mwongo na mwandishi wametofautiana nini?
— Mwandishi anatafutwa na Wazungu.
— Wamemtafuta kwa jina lipi?
— Wasalaam.
— Hilo si hata mimi nilikuwa natumia?
— Basi nenda ukachukue kitabu chako.


9

Bi Hadiya alikuwa barazani anapukuchua njegere. Nyumba yake na ya Shekiondo zimepakana. Katikati kuna ua wa matete tu, tangu enzi za marehemu Shebughe, mumewe, aliyekuwa mwenzake Shekiondo kwenye bao.

"Onga mshi, Hadiya."

"Onga mshi, shemeji. Kaa. Si hapo, hapo pa kuku."

Alikuwa amekuja na mzaha wa kufungulia mazungumzo. Ulimpotea getini.

"Kuna barua yako Ulaya," alisema. "Uliyomwandikia Mwalimu."

Njegere zilisimama.

"Ile haikufika."

"Ilifika. Wameiweka maktaba."

"Haikufika, shemeji. Nilikaa nikingoja. Nikasema watu wa posta wameitupa. Yule mtu wa posta nilimlaani mpaka anazikwa. Sikwenda matangani kwake."

Chini bondeni trekta la mtu lilikataa kuwaka, likajaribu tena.

"Kwa hiyo aliisoma," alisema Bi Hadiya.

"Aliitunza. Ilikuwa pamoja na zangu."

"Zako alikuwa anajibu?"

Angeweza kudanganya. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Alijibu."

Bi Hadiya alirudia njegere zake. Alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu, akazitupa punje kwenye maganda na maganda kwenye sufuria, asione.

Ndipo Shekiondo akaeleza: Wasalaam, kiapo, sanduku, ndiyo au hapana. "Nikisema ndiyo, hiyo itakuwa barua yangu. Watu watadhani aliyepigwa ni mimi."

Mdomo wa Bi Hadiya ulitaka kucheka ukaahirisha. "Wewe ungepigwa ungetangaza mpaka Korogwe."

"Hakuna atakayejua."

"Jina la Shebughe limo?"

"Limo."

"Langu limo?"

"Limo."

"Wanangu wamechimba kisima kwa jina lake. Maji ya kijiji hiki yanaitwa Shebughe. Watoto wanatumwa, nenda kachote Shebughe." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Wajukuu zangu wote wana simu. Dunia nzima isome, na wao wasisome?"

"Hadiya, ni kitabu changu. Ni hicho kimoja."

"Najua."

"Macho yanakwenda."

"Nayaona, shemeji." Alimtazama kwa muda. "Mimi nilimwomba mtu kitu kimoja tu katika maisha yangu, akakikunja akakiweka. Sasa nakuomba wewe. Sema hapana."


10

"Baba, kubali. Bi Hadiya ni mzee, wajukuu zake hawasomi hata vitabu vya shule. Hakuna wa kufungua sanduku la Welisi, au vipi?"

"Ndiyo."

"Si mwisho wa mlima unautaka? Si umelia jana ukidhani nimelala?"

"Ndiyo."

"Basi niandike ndiyo?"

Fatina alikuwa ameshika simu. Yeye naye alikuwa amekua bila kuujua mwisho huo. Utotoni akiuuliza aliambiwa, utausoma. Kidole kiko juu ya kioo.

"Baba?"


11

Hapana.


12

TAARIFA

*Mpendwa Bwana,*

*Kwa kuwa umethibitisha kwamba angalau barua moja si yako, umiliki wa zote umeingia shaka. Sanduku limefungwa kwa kipindi cha uhai wa mtu mmoja, kwa mujibu wa utaratibu wetu wa kulinda faragha. Baada ya hapo linaweza kufunguliwa.*

*Tunashukuru kwa uaminifu wako.*

*Mfanyakazi mwenzetu mmoja anauliza: kama Wasalaam si jina, ni nini?*

(Fatina hajajibu. Amejaribu mara kadhaa. Kila akifika mwisho wa jibu hajui amalizie kwa neno gani.)


13

Mvua ilinyesha wiki nzima ile. Shekiondo hakutoka. Wa dukani walimpigia mayowe, Anwili, njoo utudanganye, hakuitika jina lolote. Alikaa dirishani akiutazama mlima wa Magamba, ambao ukungu ulikuwa umeufuta wote, na kwa macho yake yale hakuwa na uhakika kama ni ukungu.

Mchana mmoja Bi Hadiya alipita pale penye mwanya wa matete, sufuria kichwani kujikinga na mvua. Hakupiga hodi. Alivuta kigoda, akakaa, akafungua pindo la kanga akaweka njegere katikati yao ili kila mtu apukuchue.

"Fatina ameniambia," alisema.

"Ana mdomo."

"Nisimulie huo mlima."

"Siukumbuki, Hadiya. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi nidanganye."

Walipukuchua. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kusema chochote na kukikana.

"Asubuhi moja," alianza Shekiondo, na sauti yake ilikuwa mbovu, "watu wa Mlalo waliamka wakakuta mlima haupo."

"Ulikuwa na mke?"

"Nani?"

"Huo mlima."

Shekiondo alisimamisha mkono. Katika karatasi zote zile za buluu, katika safari yote ile, hakuwahi kulifikiria hilo.

"Ulikuwa naye," alisema polepole.

"Mke ndiye aliyetangulia kuondoka. Si ndiyo?"

Alimgeukia. Aliona umbo tu, na weupe wa nywele, na mkono mmoja ambao, sasa alipouangalia, haukuwa ukiinuka sawasawa na mwenzake.

"Ndiyo," alisema. "Aliondoka kabla hakujapambazuka, hakuna aliyemsikia, na alipofika mahali njia inapogawanyika akasimama, akaweka mzigo chini, akatazama nyuma, na