Mwandishi wa Kwanza

Kwa miaka ishirini na miwili, kila Ijumaa asubuhi nilipita kwa masonara saba kuuliza bei ya gramu moja ya dhahabu, na jioni yake nilizunguka baa tisa kuuliza bei ya chupa ya bia. Sivai dhahabu wala sinywi pombe. Wahudumu wa baa walidhani namwinda mume wangu. Sonara mmoja alinibandika jina la Bibi Hanunui. Mume wangu mwenyewe, fundi cherehani, hupenda kuwaambia wateja wake kwamba ameoa mwanamke anayefuatilia vitu viwili vinavyowatia watu wazimu, na hajafaidi hata kimoja.

Mimi ni mchumi wa chuo kikuu. Swali langu lilikuwa rahisi: maisha yakibana, watu huuza nini na huacha nini? Niligundua kwamba huuza dhahabu kabla ya kuacha bia. Wanaouza ile ni wanawake, wanaokunywa hii ni wanaume, sasa jijazie mwenyewe. Hayo yalitoka katika makala kumi na nne, na katika zote jina langu liko la pili.

Ni desturi yetu wachumi. Majina tunayapanga kwa alfabeti, aliyelima na aliyeshika kibuyu cha maji wote wanafuata herufi. Jina langu linaanza na Z. La mwenzangu linaanza na A. Nilimfundisha tangu mwaka wa kwanza, nikamwita Mizani kwa sababu hatamki neno kabla ya kulipima. Mara tatu aliniambia, "Mwalimu, hii ni kazi yako, tangulia wewe." Mara tatu nilimkemea. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua thamani yake. Nilisema chema chajiuza, atakayesoma atajua kazi ni ya nani.

Hakuna anayesoma. Mizani alipata uprofesa kwa makala zilezile, nikampigia makofi, na nilimaanisha. Miaka minne baadaye nikaomba mimi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtaalamu wa magugu, na kwao jina la kwanza ndilo la mtenda kazi. Alishusha kidole kwenye orodha yangu mpaka chini, akakirudisha juu.

"Daktari, mbona hakuna hata moja uliyoongoza?"

Nikamweleza habari ya alfabeti. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayeeleza nani kavunja kikombe.

"Kanuni inataka walau makala moja uwe mwandishi wa kwanza," akasema. "Ilete, tutazungumza."

Nilikuwa nimebakiza miezi kumi kufika miaka sitini. Kwetu asiye profesa huondoka akitimiza sitini, profesa huongezewa mitano. Niliitaka ile mitano, maana nikiondoka Ijumaa zangu zinakatika, na hakuna kijana atakayekubali kutukanwa na walevi kwa ajili ya jedwali. Na cheo nilikitaka pia, sitadanganya. Lakini makala huchukua miaka miwili kutoka, na mimi sikuwa nayo.

Asubuhi moja Mizani aliingia ofisini kwangu na kurasa thelathini. Ilikuwa makala yake mpya, juu ya pombe kali inayouzwa kwa vipakiti.

"Jarida limeshaikubali," akasema. "Imebaki kuthibitisha majina."

Jina langu lilikuwa juu, lake chini yake.

"Sijaandika hata nukta humu."

"Najua, Mwalimu. Lakini yote haya ulinifundisha wewe."

"Kufundisha si kuandika. Toka na makaratasi yako."

Alitoka. Makaratasi aliyaacha mezani.

Nyumbani nilimwambia mume wangu. Alikuwa anapima mkono wa koti, hakuinua hata kichwa. "Wamekula jasho lako mara kumi na nne, wewe waogopa kuonja mara moja?"

"Hawakula wao. Nimewapakulia mwenyewe."

"Basi leo jipakulie."

Siku tatu nilizipita kurasa zile kama mtu anayempita mdai wake. Ya nne nikatia saini.

Kamati haikuchukua hata robo saa. Mwenyekiti aliinua makala ya vipakiti wote waione. "Hapa sasa tunamwona mtafiti mwenyewe," akasema. "Kwenye zile nyingine, Daktari, ulikuwa unasindikiza tu."

Nikasema asante.

Profesa mpya hutoa mhadhara juu ya kazi iliyompa cheo. Nilikariri zile kurasa thelathini wiki nzima, mimi niliyezoea kuwafukuza wanafunzi wanaokariri. Ukumbi ulijaa. Mume wangu alikaa mbele na suti aliyojishonea. Nilizungumza vizuri, mpaka binti mmoja wa mwaka wa pili aliponyoosha mkono.

"Profesa, kwa nini mlichagua maduka kumi na mawili, na kwa nini yote yako karibu na shule?"

Sikujua. Ningeulizwa bei ya gramu Ijumaa yoyote ya miaka ile ishirini na miwili, ningeitaja nimefumba macho. Hili sikulijua.

Mizani akasimama mstari wa tatu. "Kama Profesa alivyotuelekeza tangu mwanzo wa utafiti," akaanza, kisha akalijibu swali kwa utulivu, hatua kwa hatua, kila sifa akinikabidhi mimi. Watu wakapiga makofi. Binti akaandika jibu kwenye daftari, na juu yake akaandika jina langu.

Kwa miaka yote aliyotangulia mbele yangu sikuwahi kumchukia Mizani. Nilimchukia pale, akiwa bado amesimama ananitabasamia, na hakuwa amenikosea kitu.