Kilio, Dakika Kumi na Tano

...kwamba wamenyamaza, wote, papo hapo, kama redio iliyochomolewa waya, hilo ndilo ambalo Mbeyu hakuliamini, akaitazama saa mkononi nayo ikasema saa nne na robo kamili, akaitazama ratiba iliyobandikwa kwenye nguzo ya turubai nayo, kwa mwandiko wake mwenyewe na muhuri wa serikali juu yake, ikasema yaleyale, saa nne hadi saa nne na robo: kilio, na wanawake mia na ushei waliokuwa sasa hivi wakimlilia marehemu Karisa hadi kuku wa jirani wakahama walikuwa wamefuta macho, wamekunja miguu, wanamtazama yeye, naibu chifu wa majuma tisa, aliyesimama kando ya jeneza na kipaza sauti mkononi, na dada wa marehemu, bibi Kahaso, ameinuka taratibu na kusema kwa adabu kali kuliko tusi, "Muda wetu umekwisha, mwanangu chifu. Tumemaliza, au serikali itatuongeza?"... itatuongeza, Mungu wangu, mbele ya mchungaji, mbele ya kijiji kizima, na huko nyuma kuna mwanamume amechekea puani, ni Dena huyo, nani tena kama si Dena, aliyekaa naye benchi moja siku ya usaili akaikosa kazi hii kwa alama mbili na hajamwamkia tangu hapo, kumbe njama, wamekaa wakapanga, pengine wamefanya na mazoezi, wanawake mia hawanyamazi pamoja kwa bahati... vuta pumzi, ndivyo walivyofundishwa kwenye kozi ya viongozi wapya, siku tatu za chai na maandazi na kijitabu chenye jalada la kijani, kiongozi akikosolewa hadharani avute pumzi mara tatu, amshukuru mkosoaji, kisha afafanue, na pembeni picha ya mtu mwenye tai anayetabasamu, ambaye kwa hakika hakuwahi kuzikwa wala kuzika hapa Matsangoni... haya, ya kwanza... "Msimbane sana, bado mgeni kazini," kuna mama ananong'ona, na mwenzake, "Mgeni wapi, si mwana wa hapahapa? Kalamu ndiyo imemponza," na vicheko viwili vikafia ndani ya leso... ya pili, amshukuru, amshukuru kwa lipi, asante bibi kwa kunivua nguo hadharani, kisha afafanue, sawa, kufafanua anakuweza, atasema kwamba kwenye hanga, matanga ya mwezi uliopita, hotuba zilivuta hadi magharibi watu wakapapasa kaburi kwa tochi za simu, kwamba mkubwa wake alimwita ofisini akamuuliza kama kata yake ndogo huzika watu au hupanda mihogo gizani, kwamba alirudi nyumbani akaketi na rula na kalamu nyekundu akatengeneza ratiba ya mazishi, nakala tatu, na mkubwa akaisifu, akasema huu ndio uongozi wa kisasa, akaomba nakala ya nne aiweke kwenye faili, na kitu kikishaingia faili kimekuwa kweli... lakini Kahaso hajaketi, hasubiri maelezo yule, anasubiri jibu, na jicho la Mbeyu likateleza kwenye karatasi, mstari mmoja chini ya kilio, salamu za waheshimiwa, dakika arobaini na tano, na mbona haikuwa hivyo, mwanzo ilikuwa kilio nusu saa na waheshimiwa nusu saa, akumbuke vizuri, ndiyo, jana mchana simu ililia, mheshimiwa fulani angependa kusema mawili matatu, mafupi tu, na yeye aliyejiapia kwamba hatakuwa chifu wa kutumwatumwa akasema "ndiyo mheshimiwa" mara nne, akaichukua rula, na zile dakika kumi na tano zilitoka wapi, zilitoka kwa wasiopiga simu... pumzi ya tatu ikakwama katikati, kwa hiyo bibi ana haki, si suala la Dena, na hata kama Dena yumo na njama ipo, bibi ana haki, basi aseme nimekosa, neno moja, lakini na kofia hii yenye nembo, je, naibu chifu husema nimekosa, siku ya kupewa barua hakuna aliyemwambia kama linaruhusiwa, labda lina fomu yake, labda husainiwa na watu wawili, na kesho pale stendi watamwita Mama Robo Saa, atazeeka na jina hilo, atazikwa nalo... akainua kipaza sauti, atasema nini hajui, na ndipo alipomwona Janet, mjane, kwenye mkeka kichwani pa jeneza, na Janet peke yake hakuwa amefuta macho, Janet ameingiza pindo la leso mdomoni ameliuma, mabega yanamruka, mishipa ya shingo imesimama, na baridi ikampanda Mbeyu kutoka nyayoni, kwa sababu huyu hagomi, hakuna aliyemnong'onezea huyu kwamba kuna mgomo, huyu ameisoma karatasi yenye muhuri na anatii, miaka ishirini na miwili na mumewe na sasa anakimeza kilio chake kwa kuwa naibu chifu ameandika, na ile aibu iliyokuwa imemjaa Mbeyu mpaka kooni, Dena, stendi, jina, alipoitafuta hakuiona ilipokwenda, pamebaki hilo pindo la leso tu... na Kahaso bado amesimama, jenereta inanguruma, saa nne na dakika kumi na saba, hakuna aliyejitikisa ila Janet, ambaye bila kuitoa leso mdomoni, akimtazama naibu chifu machoni, ameinua mkono, kidole kimoja juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.