Jua la Kuanikia

Jumatatu saa mbili asubuhi dobi alinusa shati la mwalimu mara ya tatu, akalirudisha kwenye beseni. Lilikuwa limekaa kambani siku nne na bado lilinuka uvundo. Tangu jengo la ofisi lifike ghorofa ya kumi, uchochoro wao haukuonja jua, na wateja walikuwa wamebaki sita. Akiwapoteza hao, kazi yake ya miaka ishirini imekwisha.

Alikuwa na kamera ndogo ya dijitali, zawadi kutoka kwa wifi yake, jirani yake wa mlango wa pili na msemaji wake bila kuombwa. Kila Jumapili walizunguka mji wakipiga picha: milango, baiskeli, paka wa sokoni. Nyingi ziliharibika. Jana yake alikuwa amepiga picha ukuta wa posta uliojaa jua. Sasa aliiwasha kamera ili apate cha kumfariji, na jua la ukuta ule likamwagika kutoka kwenye kioo, likaangukia kamba. Dobi aliitundika kamera kwenye msumari, akaendelea kusuuza na kuanika. Kufikia saa sita shati lilikuwa kavu.

"Wifi, mbona jua lako linatetemeka?" aliuliza wifi, kikombe cha chai mkononi.

"Mkono ulicheza nilipopiga."

"Ona soksi zinavyonengua. Utamtapisha mama."

Mama mkwe, ambaye magoti yalimsumbua tangu kivuli kiingie, alikuwa ameshasogeza kiti. "Niacheni," alisema. "Jua ni jua."

Picha moja ilitoa jua la siku moja, kisha ikabaki kijivu, kwa hiyo ilibidi wapige nyingi, na wapige vizuri. Dobi alijifunza kuegemeza viwiko ukutani na kubana pumzi. Alijifunza kuligeuzia jua mgongo, maana picha aliyoipiga akilikabili ilileta kivuli kitupu, na kivuli walikuwa nacho tele. Aliacha kuvuta vitu karibu kwa kitufe cha kamera, akawa anasogea kwa miguu yake, kwa kuwa jua lililovutwa kutoka mbali lilifika limechoka. Siku aliyopiga magoti kwenye vumbi la soko kufuata mwanga chini ya meza, watu wakampitia pembeni, wifi aliwaeleza: "Mtaka cha mvunguni huyo."

Mpiga picha za pasipoti wa pale stendi alimwapia kwamba mwanga bora ni wa jioni. Dobi akamsikiliza, akapiga uwanja wa mpira saa kumi na moja, na kesho yake nguo zote nyeupe zikakauka na rangi ya asali. Mwalimu alilivaa shati lake hivyo hivyo, akaja kusema kwamba darasa halijawahi kutulia vile. Hata hivyo dobi alibandika karatasi mlangoni: nyeupe, jua la saa tatu asubuhi; za rangi, la jioni.

Wateja walirudi, wakaleta na wenzao. Akina mama walileta vichanga viote jua kidogo. Dobi alifurahi mpaka akawa anaimba akipiga pasi, na haimbi vizuri.

Ndipo akaja tarishi wa lile jengo. "Mkurugenzi anasema mwanga wenu unamwingia ofisini. Anaomba mpunguze."

"Mwambie na yeye apunguze ghorofa," alisema wifi.

Tarishi aliliandika jibu hilo neno kwa neno, akalipeleka. Wiki hiyo madirisha yote ya jengo yakawekwa mapazia mazito, na zege la ghorofa ya kumi na moja likamwagwa kama ilivyopangwa.

Mwezi wa pili tangu yatundikwe, mapazia yalijaa vumbi la saruji. Tarishi aliyaleta kwa dobi, marobota manane, jasho likimtiririka.

"Yasipauke tu, dada. Mkurugenzi hapendi yapitishe mwanga."

"Hayatapauka." Dobi alipekua picha zake, akachagua jua la kadiri alilolipata uani mwa shule. "Njoo kesho."

Tarishi hakuondoka. Alivua viatu, akauliza kama anaweza kukaa kidogo, maana ofisini kwao siku hizi ni giza mchana kutwa.

"Keti, mwanangu," alisema mama mkwe, akimsogezea kigoda. "Lipo mpaka saa kumi."

Tarishi akanyoosha miguu, akafumba macho. Juu yao mafundi walikuwa wakigonga mbao za ghorofa ya kumi na mbili.