Kipindi cha Jumamosi Asubuhi

Binti alimaliza skeli ya mwisho, ngazi ya noti kupanda na kushuka, akaweka mikono mapajani, akasema anaacha piano.

Alilisema hivyo hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba mvua imekatika. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, penseli sikioni, akijiandaa kumwambia kuwa kidole chake cha pete bado kina uvivu. Maneno ya kidole akayaacha.

"Unaacha lini?" aliuliza. Ni swali la mtu aliyekosa la kuuliza.

"Leo."

Huyu mwalimu, siku za kazi, alifundisha darasa la tano, masomo yote, pamoja na kipindi kimoja cha muziki ambacho mwalimu mkuu alikihesabu kuwa ni mapumziko. Jumamosi alifundisha piano sebuleni kwake. Piano yenyewe ilikuwa kuukuu, imechukua nusu ya chumba, na wageni walilazimika kupita ubavuubavu ili wafike kwenye kiti. Mwanafunzi wake wa kwanza kila Jumamosi alikuwa bintiye wa kumzaa, msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye aliishi na mama yake upande wa pili wa mji tangu wazazi hao wawili walipoachana kwa heshima na bila kurushiana vyombo. Mwalimu alimwita "mama", kwa sababu alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na kusema kweli hakurithi jina tupu, alirithi na ukali.

Binti alikuja, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye benchi la piano. Kipindi kikiisha alichukua mkoba wake akaondoka, kwa kuwa mwanafunzi wa pili alikuwa tayari anabisha hodi. Ndivyo walivyoonana miaka yote hiyo. Kilichomleta pale ni piano, na mwalimu alilijua hilo vizuri sana, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Piano ikiondoka, na binti ameondoka.

Alimuuliza kwa nini. Binti akatazama vibonye.

"Nikikosea, unafumba macho."

Mwalimu akajitetea kwamba anafumba ili asikie vizuri, wanamuziki wote hufanya hivyo, hata mkufunzi wake alifanya hivyo. Binti akasema huenda, lakini yeye akigeuka huona uso uliofungwa, na basi.

Sasa, mtu mwenye akili zake hapo angesema: mwanangu, achana na piano, lakini njoo. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, limejaa mpaka pomoni. Kilichotoka mdomoni kikawa kitu kingine, kwa sauti ile ile anayomruhusia mtoto wa darasa la tano kwenda msalani.

"Sawa. Uamuzi ni wako."

Binti akamtazama kidogo, kama anayesubiri sentensi iishe. Ilikuwa imekwisha. Akachukua mkoba, akaaga, akaenda zake.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani na uso wa mtu aliyelalia jiwe. Akaandika hesabu za sehemu ubaoni. Nyuma yake darasa la tano likaendelea na shughuli zake halisi, maana kila mwalimu aliyekaa kazini siku nyingi anajua kwamba chini ya madawati kuna serikali nyingine. Huko huchezwa mpira kwa vifuniko vya soda, goli likiwa ni vifutio viwili. Huko vikaratasi husafiri haraka kuliko barua za posta. Wasichana wawili wa dirishani walikuwa wakipigishana viganja bila kuvigusanisha, hewa tupu, ili asisikie mtu, na midomo yao ikihesabu.

Halafu mtu akapiga rula.

Waliosoma wote wanajua mambo ya rula. Unaibana ukingoni mwa dawati kwa mkono mmoja, ncha inayoning'inia unaichapa kwa mwingine, inalia drrr. Ukiirudisha ndani kidogo inalia juu zaidi. Ukiitoa, inanguruma. Mwalimu mwingine angegeuka akanyang'anya rula na kumsimamisha mtu. Huyu alibaki ameshika chaki mbele ya sehemu zake, akisikiliza rula ikipanda ngazi, na ilipofika noti ya saba ikateleza, kwa maana ya saba ni ngumu, hata yeye ilimsumbua.

Zamani mtoto wa rula alikuwa yeye. Aliipata skeli nzima kwenye kipande cha mbao kabla hajajua kwamba ina jina. Na pembeni yake, dawati moja, alikaa rafiki yake aliyeitwa Kijiti, mtoto mwembamba ambaye shati la shule lilimvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Rula zao ziliponyang'anywa zote mbili, Kijiti akabuni mchezo wa vidole. Wakauita Nifuate. Mmoja anagonga mdundo juu ya dawati, mwenzake anaurudia na kuongeza kipande chake, wa kwanza anarudia vyote na kuongeza tena, hadi mmoja apotee. Aliyepotea anabeba mikoba yote miwili hadi njia panda ya nyumbani.

Shida ilikuwa mwalimu wa hesabu. Yule bwana alikuwa na masikio ya paka. Ukigonga dawati, hata kama ni kwa ukucha, ameshafika. Basi wakajifunza kugonga bila sauti: vidole haviinuliwi, vinakaa karibu na mbao, kifundo cha mkono kimelegea, uzito unashushwa tu kidogo, ukaondolewa. Sikio la kawaida halikuambulia kitu. Wao wawili walisikia kwa sababu waliegemeza viwiko juu ya dawati hilo hilo, na mdundo ukapita kwenye mbao ukawaingia mifupani. Mtu akiwatazama kutoka mbele aliona watoto wawili wameshika tama, wanatafakari sehemu. Mwalimu wa hesabu aliwahi hata kuwatolea mfano kwa utulivu wao.

Alipoingia chuo cha ualimu, ukumbini kulikuwa na piano yenye meno matatu yaliyokufa, na mkufunzi wa muziki alikuwa mama mmoja mnene wa miwani mizito, asiyecheka ovyo. Aliwapanga wote mstarini akamwambia kila mmoja abonyeze noti moja polepole kadiri awezavyo. Wengi walibonyeza kana kwamba wanamgongea mpangaji asiyelipa. Ilipofika zamu yake, yule mama ilimbidi ainame ili asikie. Akamtaka arudie. Akamuuliza nani amemfundisha mguso ule.

"Mwalimu wa hesabu," alijibu, na darasa zima likamwona ana kichaa.

Mengine ndiyo aliyofundishwa na yule mama, na aliyafundishwa barabara. Kidole gumba kipite chini ya kiganja bila kiwiko kuruka. Mkono udondoke, usipige. Kidole cha pete usigombane nacho, kwani hakitapata nguvu kwa kugombezwa, kipe tu muda. Alikaa kwenye ukumbi ule hadi mlinzi alipokuja na funguo, akatoka na mgongo unauma na furaha isiyo na mfano. Zile zilikuwa siku njema, na hata leo harufu ya vumbi la ukumbi mtupu humrudisha kwenye benchi lile.

Lakini Jumatatu hiyo, mbele ya ubao, hakumkumbuka sana mkufunzi. Alimkumbuka Kijiti. Aliwaza kwamba siku zile hata akiamka na homa alikimbilia shuleni, mama yake akimsifu kwa majirani kuwa mtoto anapenda masomo. Masomo gani? Hesabu aliichukia kabisa. Alikuwa anakimbilia dawati.

Kisha baba yake Kijiti akahamishwa kikazi, na mapengo ya namna hiyo huwa hayatangazwi darasani. Siku moja nafasi ikawa tupu, wiki iliyofuata akakalishwa mtoto mwingine, mpole, mwenye penseli zilizochongwa vizuri. Yeye aliendelea kugonga peke yake kwa muda, akasubiri kiwiko kimjibu. Hakikujibu. Iliuma, tena iliuma vibaya, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyejua kuwa kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Rula ikalia tena nyuma. "Ya saba ipandishe kidogo," mwalimu alisema bila kugeuka, na darasa la tano likakaa kimya kwa hofu, likidhani ni mtego.

Jioni ya siku ya pili yake alimpigia simu mama wa binti. Alizunguka kwenye hali ya hewa, akapitia karo, akaingia kwenye afya, mpaka yule mama, ambaye aliyajua mazungumzo ya namna hii tangu ndoa yao, akamkatisha. Akasema mtoto kweli ameacha piano, hilo analijua. Mengine amuulize mwenyewe, si ana mdomo?

Mdomo alikuwa nao. Miaka yote hiyo alikuwa ameutumia kumwambia binti habari za vidole. Alishika simu, akatafuta la kuanzia, akapata shikamoo na marahaba, baada ya hapo hakuona kitu. Akairudisha mezani. Atamuuliza nini? Utakuja kufanya nini hapa, mama, kukitazama kiti?

Alhamisi akafanya kosa ambalo ni mtu wa vipindi tu anayeweza kulifanya. Fundi cherehani wa mtaani kwao, mzee mchangamfu mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa anakwenda sokoni, alikuwa anamsumbua siku nyingi amfundishe piano, na siku zote aliambiwa Jumamosi asubuhi imejaa. Siku hiyo alipouliza tena kwa mazoea, akiwa tayari anageuka kwenda zake, mwalimu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kuna nafasi imepatikana. Aliiogopa ile saa tupu. Aliona bora imkute anafundisha kuliko imkute amekaa. Fundi alimshukuru, akamshukuru tena njia nzima, na kabla hajafika kona mwalimu alijiona ameuza kitu kisichouzwa.

Jumamosi fundi alifika mapema, shati limenyooshwa hadi kwenye mikono, kucha zimekatwa. Aliketi kwa heshima kubwa. Mikono yake haikuwa mibaya, ni mikono iliyozoea kazi ndogondogo. Tatizo lilikuwa mguu. Aliiona pedali ya chini ya piano, akafurahi kukutana na kitu anachokijua, akaanza kuikanyaga mfululizo kama yuko kwenye cherehani yake, noti zote zikachanganyikana zikawa uji. Mwalimu akamwambia aondoe mguu. Akauondoa, akauangalia, mguu ukarudi wenyewe.

Mlango ukagongwa. "Hodi."

Mwalimu aliijua sauti hiyo hata kabla haijamaliza neno. Binti aliingia ubavuubavu kama kawaida, lakini bila mkoba wa noti, amevaa kandambili. Akamwamkia baba yake, akamwamkia na fundi. Kisha akaliona benchi, na aliyelikalia, na macho yake yakabaki pale.

"Kumbe umeshampa mtu," alisema.

"Ulisema unaacha," mwalimu alijibu, na maneno yalimchoma yeye kwanza.

"Nimeacha piano, baba. Sijasema nimekuacha wewe."

Fundi, ambaye hakuwa mjinga, alianza kuinuka na kujieleza kwamba yeye anaweza kuja hata Jumanne, hata mwakani, hana haraka. Binti akamwambia akae tu, mjomba, asijisumbue, yeye hajaja kusoma. Akasimama katikati ya chumba akitafuta pa kujiweka. Kiti cha wageni kilikuwa na futi na kofia ya fundi juu yake. Mwalimu alitaka kusema kitu kikubwa, na kitu kikubwa kilikuwepo, lakini mlangoni pa mdomo kilijaa kikashindwa kupita. Akasema kwamba hajanywa chai tangu aamke.

"Basi nitapika," binti akasema, akaenda jikoni.

Somo likaendelea, kama lile linaweza kuitwa somo. Fundi akabonyeza, mguu ukarudi kwenye pedali, uji ukamwagika. Mwalimu alikuwa anasikiliza upande wa pili wa ukuta. Alisikia bomba likifunguliwa na sufuria likiwekwa. Alisikia kiberiti kikichapwa mara kadhaa, maana kile cha juu ya dirisha kilipata unyevu. Alisikia kabati likifunguliwa, likafungwa, na la pili likafunguliwa, likafungwa polepole zaidi. Fundi akamuuliza kama amekosea mahali. Akamwambia hapana, vizuri sana.

Kisha binti akaita.

"Baba, sukari unaiweka wapi?"

Akafungua mdomo amwelekeze akiwa pale pale alipo, na hapo ndipo lilipomwingia akilini. Mtoto huyu alikuja nyumba hii kila wiki tangu miguu yake ilipokuwa haifiki chini ya benchi. Do ya kati ya piano aliweza kuigusa amefumbwa macho. Kwenye jiko la baba yake hakujua hata kikombe kinakaa wapi, kwa kuwa hakuna siku aliyoombwa kuvuka sebule.

"Endelea mwenyewe, fundi," mwalimu alisema. "Kanyaga unavyotaka."

Akainuka, akapita ubavuubavu kati ya piano na ukuta, akaenda kumwonyesha.