Nyuma ya Pazia la Vibao

Mtunga kamusi alifunga pazia la vibao dirishani ili amchunguze mkewe, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Kila jioni muuza vitambaa alifika pale, akapiga soga, wakacheka, na moyo wa mume ukazidi kuingia kutu.

Siku moja aliandika kamusini asili ya neno la Kiingereza la pazia hilo, "blind", yaani kipofu: limetokana na upofu, kwa kuwa pazia humzuia mtu wa nje asione. Maelezo hayo yalimtuliza. Jioni akawasha taa, akaketi nyuma ya vibao. Muuza vitambaa alinong'ona jambo. Mke akatazama dirishani, akacheka.

Mke aliporudi nyumbani, mume alimvaa. "Mnamcheka nani?"

"Wewe, baba watoto! Taa iko mgongoni mwako. Kila jioni barabara nzima inaona kivuli chako, shingo kama twiga. Mwenzangu anauliza nimeolewa au ninalindwa."

Mume akazima taa.

"Kesho lete kiti kibandani," mke akasema, sasa bila kucheka. "Ukichoka kunichunguza, utanishikia kitambaa."

Asubuhi, kabla ya kubeba kiti, alifuta katika maelezo yake maneno "wa nje", yakabaki: pazia humzuia mtu asione.